Wati Mia Sita, Karatasini

Barabara ya Saba, saa sita, jua li utosini,
na mimi mfukoni nina laki saba na nusu
za mageti mawili ya mwalimu Chilongani kule Nkuhungu.
Noti bado zinanuka rangi ya kuzuia kutu.
Kasha na ubongo wake vipo tangu Julai, chini ya kitanda,
vinasubiri macho na chakula.

Ndahani wa dukani akaipakata kadi kama kichanga:
feni tatu, taa za zambarau, kijani, zambarau.
"Hii inachora hadi jasho la mchezaji.
Majani yanapepea moja moja.
Laki saba tu, dada Perisi, kwa sababu ni wewe."

Kwa sababu ni mimi!
Kizuri chajiuza, na hiki kilikuwa kinajitembeza
kaunta nzima.

"Ilikuwa wapi kabla ya hapa?"
Akatazama dari.
Nikainusa. Ndiyo, niliinusa:
miaka sita ya kuchomelea, naijua harufu ya shaba iliyokesha.
Mahali fulani kadi hii imechimba pesa zisizoshikika,
usiku na mchana, bila Jumapili,
hadi grisi ikatoka machozi kwenye feni ya kati.
Niliihurumia kama punda wa maji.

"Na itakula nini?" nikauliza.

Akavuta uvunguni boksi jeusi la bati,
limebandikwa karatasi: WATI MIA SITA, herufi za dhahabu.
Elfu arobaini na tano.
Nikaliweka kiganjani.

Kiganja hiki kimebeba mashine ya kuchomelea
kutoka Kizota hadi Majengo, siku guta lilipogoma.
Shaba ina uzito. Chuma kina uzito.
Boksi lile lilikuwa jepesi kama mkate wa jana.
Wati mia sita za karatasini;
tumboni labda mia mbili, na hofu.

Nikamkumbuka Senyagwa, mwaka wangu wa kwanza karakana,
alivyounga mashine kwa waya wa redio.
Waya haukupiga kelele. Ulilainika tu,
ukatoa moshi mweupe, mtaa mzima giza,
na mteja wa kinyozi jirani
akarudi kwake na nusu kichwa.

"Mchagua jembe si mkulima," Ndahani akanichokoza.
Aliyesema hivyo, nikamjibu,
hakuvunjikiwa mpini mvua ya kwanza ikinyesha.

Nikageuza risiti, nikapiga hesabu:
kadi, mia na sabini. Ubongo, sitini na tano.
Feni, diski, vikorokoro, tuseme sitini.
Halafu nafasi ya kupumua,
maana hata ng'ombe hafungiwi mzigo wa mwisho wa nguvu zake.

Nikachukua kadi mpya, fupi, feni mbili, haina taa hata ya dawa:
laki tano na ishirini.
Na boksi la wati mia tano na hamsini, zito kama tofali:
laki na tisini.
Ndahani akafunga kwa gazeti, kimya,
kama mtu anayemfungia mgeni chakula alichokikataa.
Elfu arobaini iliyobaki: wavu wa vumbi, na luku.

Usiku, Chang'ombe. Mdogo wangu Amoni anazunguka kasha.
"Taa ziko wapi?"
Hakuna taa. Boksi nimelifungia nyuma, chini,
hakuna atakayelisifu.

Jirani akawasha mashine ya kusaga.
Balbu yetu ikainama, ikawa rangi ya uji wa ulezi.
Kioo hakikupepesa.

Majani, kweli, hayapepei moja moja. Yanapepea kwa ukoo.
Amoni anataka nikimbie, maadui wanakuja,
lakini kuna geti, kule mwisho wa njia,
nami nimesimama nakagua bawaba.
Limechomelewa vibaya.